Safari ya kwanza mbugani: anza na saa, orodha ya hifadhi itafuata

Ratiba za siku tatu zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zinafanana sana: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, kisha kurudi Arusha. Kwenye karatasi inapendeza. Barabarani ni habari nyingine. Kutoka Arusha hadi geti la Lodoare, mlango wa Ngorongoro, ni kama saa tatu za lami kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu. Hapo lami inakwisha. Unapanda hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano ya kale, unateremka upande wa pili, unavuka nyanda tupu mpaka Naabi, geti la kuingilia Serengeti, na kipande hicho peke yake kinaweza kula karibu saa tatu nyingine. Naabi hadi Seronera, katikati ya Serengeti, zinabaki kilomita 45 hivi, na mwendo ndani ya hifadhi usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukiweka na watu saba wanaotaka gari lisimame kila wakimwona twiga, umemaliza siku. Kurudi ni vilevile. Kwa hiyo katika zile siku tatu, mbili zimeliwa na barabara, na anayeuza ratiba hiyo analijua hilo vizuri.

Mwenye siku moja aende Tarangire: ni saa mbili kutoka Arusha na karibu safari nzima ni lami. Mwenye siku mbili aongeze kreta, alale Karatu. Serengeti ni ya mwenye siku nne, na alale huko angalau usiku mbili. Anayebanwa na muda akaamua kuiacha Serengeti hajapoteza kitu. Atawaona tembo wengi Tarangire kuliko ambavyo angewaona akiwa anakimbizana na saa ya geti.

Na saa ya geti si mchezo. Kibali cha kuingia hifadhi za TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, ni cha saa 24, na huanza kuhesabika pale unapogongewa muda getini, hata kama ulilipia wiki iliyopita. Ukiingia Naabi saa 7:20 mchana, kesho yake saa 7:20 mchana uwe umetoka, au unalipa siku nyingine. Ukilala usiku mbili unalipia vipindi viwili, na kadhalika. Watu wengi hukwama hapa: wanapanga kutoka Seronera baada ya chakula cha mchana, wanakuta simba njiani, wanachelewa nusu saa, gari zima linalipishwa. Ukiwa na kibali cha saa 7 mchana, ondoka Seronera kabla ya saa 4:30 asubuhi. Hapo una nafasi ya kusimama kwa duma, na nafasi ya pancha.

Jambo jingine ambalo wageni wa mara ya kwanza hawaambiwi ni kwamba Ngorongoro si ya TANAPA. Ina mamlaka yake, NCAA, yenye ada zake, na barabara ya kwenda Serengeti inapita katikati ya eneo lake. Ukipita Jumatatu kwenda na Alhamisi kurudi, umelipa Ngorongoro mara mbili hata kama hukushuka kretani. Kushuka kretani nako kuna ada yake, inayotozwa kwa gari, juu ya kiingilio cha kila mtu. Ndiyo maana gari lenye watu sita au saba linapunguza maumivu, na wawili peke yao wanayasikia.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na dola anazolipa mgeni wa nje. Lakini lazima uthibitishe. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, halisi, kwa kila mtu mzima, na cheti cha kuzaliwa au pasipoti kwa watoto. Picha ya kitambulisho kwenye simu inaweza kukubaliwa au kukataliwa kulingana na nani yuko zamu, na getini si mahali pa kwenda kujaribu bahati. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu. Fanya hivyo mjini. Mtandao wa Naabi ukikatika, foleni inasimama, na wote mliomo mnatazamana. Viwango hubadilika na mwaka wa fedha, yaani Julai, kwa hiyo bei uliyoelezwa na shemeji aliyekwenda mwaka juzi iache huko huko.

Anayetoka Kanda ya Ziwa ana njia yake nzuri. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na kwa kuingilia huko unaikwepa Ngorongoro na malipo yake ya pande mbili. Kasoro zake ni mbili: udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha hata Land Cruiser inalala ubavu, na mbung'o. Njoo huku kiangazi. Kwa Wakenya wanaouliza kila mara: hakuna njia ya watalii ya kuvuka moja kwa moja kutoka Maasai Mara kuingia Serengeti, hata kama nyumbu wanapita bila kuulizwa pasipoti. Utazunguka Isebania na Sirari, au Namanga.

Kuhusu majira, kila mtu anataka "kuona nyumbu wakivuka mto". Kuvuka Mto Mara ni kati ya Julai na Oktoba, huko Kogatende, kaskazini kabisa, safari ya saa kadhaa kutoka Seronera. Mtu aliyelala Seronera Agosti akategemea kuwaona nyumbu wengi pale atarudi na picha za swala tomi. Na hata ukiwa ukingoni mwa mto, kundi linaweza kusimama kutwa nzima, likasogea, likanusa maji, likageuka. Januari hadi Machi ni rahisi zaidi kwa mgeni: nyumbu wako nyanda za kusini, Ndutu na jirani zake, wanazaa. Sehemu kubwa ya ndama huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, karibu na Februari, na ndama husimama kwa miguu yake dakika chache baada ya kudondoka. Fisi, simba na duma wote wako karibu, kwa sababu inayoeleweka. Aprili na Mei ni mvua za masika: vyumba bei chini, barabara matope, kambi nyingine zimefungwa. Tarangire kilele chake ni Juni hadi Oktoba, maana maji yakikauka kwingine wanyama wote huufuata ule mto mmoja. Ukienda Februari ukaona mibuyu mingi na tembo wachache, kosa si la mwongozaji.

Gari

Hapa ndipo pesa inapotakiwa iende, kabla ya hoteli. Utalala hotelini kwa saa nane; ndani ya gari utakaa kwa saa kumi au zaidi. Uliza mambo haya kabla ya kulipa: kila abiria ana dirisha lake? Paa linanyanyuka? Matairi ya akiba ni mangapi (yawe mawili)? Redio ya mawasiliano inafanya kazi? Soketi za kuchajia simu ni ngapi? Noah itakufikisha Tarangire wakati wa kiangazi, lakini kretani gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kushuka, na barabara ya Naabi iliyojikunja kama bati itaifungua Noah hiyo nati moja moja.

Vumbi la kipande cha Lodoare hadi Naabi halielezeki vizuri kwa maneno. Ni jepesi kama poda, linapita kwenye mipira ya mlango iliyochakaa, linaingia kwenye zipu, kwenye meno, kwenye tundu la kuchajia simu. Gari likipishana na lori, funga madirisha na paa kabla hamjakutana. Ukingoja mpaka wingu likufikie umeshachelewa. Kamera ikae ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa, na usibadilishe lenzi nje ya hema. Usije na mifuko ya plastiki, ile laini ya kubebea: imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Mwenye matatizo ya kifua avae barakoa na asione aibu. Mwenye mgongo mbovu au mjamzito akae kiti cha mbele au cha safu ya kwanza, kamwe asikae juu ya ekseli ya nyuma, na kama mimba imekua afikirie upya au apande ndege ndogo. Ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwenye begi laini, na sanduku gumu lenye magurudumu hurudishwa.

Jaza mafuta Karatu. Seronera yapo, ila bei yake si ya mjini.

Siku yenyewe

Mgeni wa kwanza hudhani wanyama wanaonekana muda wote, kama kwenye televisheni. Simba anaweza kulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Ukimkuta saa 6 mchana utaona tumbo linalopanda na kushuka na mkia unaofukuza nzi. Ukimkuta saa 12:30 asubuhi, yuko juu ya jiwe, ananusa upepo, pengine ana damu kidevuni. Ni simba yuleyule. Kwa hiyo toka kambini saa 12 asubuhi kamili, mageti yanapofunguliwa, na chai uinywee garini. Wanaosema "tupumzike kwanza, tutoke saa 3" hukutana na wenzao wakirudi, wameshamwona chui.

Kuanzia saa 5 hadi saa 9 alasiri joto linawatuliza wanyama wengi. Huo ni muda wa kula, kulala, au kukaa kwenye bwawa la viboko, ambao wao hawana ratiba: wananya, wanaguna, wanapanua vinywa. Saa 10 mzunguko wa jioni unaanza, na jua likizama karibu saa 12:30 uwe unakaribia kambini. Kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi bila kibali maalumu ni kosa.

Kutafuta kuna ufundi wake. Seronera, chui hutafutwa kwenye migunga na miegea iliyo kando ya mto. Usitafute chui mzima. Tafuta mstari wima unaoning'inia chini ya tawi la mlalo: huo ni mkia, au mguu wa swala aliyepandishwa. Duma hukaa juu ya kichuguu kwenye nyasi fupi, na anawinda mchana, jambo linalomweka matatani na magari. Akiwa ameinama anamnyemelea swala, gari linalokatiza kati yao limemnyima mlo, na akishaua anahema kwa muda mrefu hoi, tayari kunyang'anywa na fisi akifuata kelele na tai. Mwongozaji mzuri huzima injini mbali na kungoja. Ukimshinikiza asogee au aache barabara kwa ajili ya picha, unamweka kwenye hatari ya faini na leseni yake, si yako.

Wewe unayesikia Kiswahili una faida ambayo mgeni wa Ulaya hana: redio nzima unaielewa. Utasikia "chui yupo, kwenye mti wa pili baada ya daraja" kabla dereva hajageuka. Lakini usiwe mateka wa redio. Magari ishirini yakizunguka mti mmoja, nusu ya watu wanaona paa la gari la mbele. Mara nyingi ni afadhali kungoja nusu saa mbali, wengine waondoke kwenda kula, kisha msogee peke yenu. Ukimkuta tembo anakula kando ya njia, kaa naye dakika ishirini. Utaona anavyoung'oa mche, anaupigapiga kwenye goti la mbele kuondoa udongo, ndipo anautia kinywani. Anayepita kwa sababu "tembo tumeshaona" hajaona.

Tembo ndiye pia mnyama wa kuogopwa kwa akili. Masikio yaliyokunjuliwa, kichwa juu, vumbi na kelele: mara nyingi anatishia, atasimama. Masikio yaliyolazwa nyuma, mkonga umekunjwa, kimya: huyo anakuja. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka mfululizo, yuko kwenye msimu wa kutafuta majike na hana subira. Apewe njia, hata kama ni kurudi nyuma mita mia mbili. Kwa abiria kazi ni moja: kimya, mikono ndani, asisimame mtu juu ya kiti akichungulia paani. Simba akilala kivulini mwa gari lenu, ambalo hutokea, madirisha ya chini yafungwe taratibu bila kugonga.

Kushuka garini ni pale palipoandikwa tu. Sasa, haja haingoji kituo, na hili wengi wanaona aibu kuliuliza. Vyoo vipo mageti yote, Seronera na maeneo ya chakula. Kati ya hapo, mwambie dereva mapema kwamba unataka kuchimba dawa. Atachagua mahali pa wazi, atazunguka kwanza na gari, na utajisitiri nyuma ya gari hilohilo, karibu na tairi. Kichakani hakuna kwenda, maana kichaka unachokiona kinafaa, nyati naye alikiona hivyohivyo. Karatasi rudi nayo.

Kuhusu darubini, inashangaza wangapi huja na simu tu. Darubini ya 8x42, inayokuza mara 8 kwa lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha kabisa. Kila mtu na yake, au angalau moja kwa wawili. Bila hiyo kifaru wa kretani ni doa la kijivu: magari hayaruhusiwi kuacha barabara, naye anapenda kukaa mbali nazo.

Kreta ina tabia zake. Ukingo uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, sakafu iko mita 600 hivi chini yake, na eneo lake la chini ni kama kilomita za mraba 260. Asubuhi ya Julai kule juu ni ukungu na baridi ya kuvaa koti zito na kofia ya sufu. Watu wa Dar hudharau hili kisha huazima blanketi kwa wenzao. Saa 4 ukiwa chini unavua kila kitu. Twiga hutawakuta huko, usimchoshe dereva kuwatafuta: hawakai kretani, na kuta zile zenye mteremko mkali pamoja na uchache wa miti ya kula zinatajwa kuwa sababu. Kwenye uwanja wa chakula wa Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, kulieni ndani ya gari. Mwewe wa pale wamebobea. Anakuja kutoka nyuma, anachukua paja la kuku mkononi mwako, na kucha zake zinaacha mkwaruzo unaohitaji dawa. Vivyo hivyo nyani wa Lodoare: dirisha wazi na ndizi kwenye dashibodi ni mwaliko.

Kulala

Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi, Nguchiro na Dik Dik, hazina uzio. Usiku fisi wanapita kati ya mahema, wakati mwingine nyati, na simba utamsikia akinguruma kana kwamba yuko mlangoni wakati yuko kilomita kadhaa. Hema lililofungwa zipu mpaka chini ni salama kwa sababu wanyama hawa hulichukulia kama kitu kigumu. Hatari inaletwa na chakula ndani ya hema, hata biskuti na dawa ya meno yenye harufu tamu, na viatu vya ngozi vilivyoachwa nje, ambavyo fisi huondoka navyo. Vyakula vikae garini au kwenye banda la jiko lenye nondo.

Nenda chooni kabla ya saa 3 usiku, wawili wawili, mkiwa na tochi za kichwani. Ukibanwa katikati ya usiku, fungua zipu kidogo, mulika duara zima polepole. Macho yanayorudisha mwanga ukiyaona, funga na ungoje. Wazoefu huweka chupa ya mdomo mpana ndani ya hema na hawaombi radhi. Asiyeweza haya yote, TANAPA wana hosteli na mabanda Seronera, ila yawekewe nafasi mapema sana msimu wa likizo za shule.

Mavazi: kahawia, kijani kilichopauka, rangi ya mchanga. Sababu ya maana ni mbung'o, ambao huvutwa na bluu na nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na vyeusi utakavyoviona vimetundikwa porini ni mitego yao. Jinzi nyeusi kwenye ukanda wa magharibi wa Serengeti au ndani kabisa ya Tarangire ni kujitafutia. Wanafuata gari linalotembea, wanauma kupitia shati jepesi, na dawa za kupaka za mbu haziwasumbui sana. Funga madirisha mkipita vichakani, ua waliomo, endeleeni. Malaria ni suala la daktari, zungumza naye wiki mbili kabla ukiwa unatokea maeneo ya baridi. Maji lita mbili hadi tatu kwa mtu kwa siku, na dawa zako za kila siku ziwe kwenye begi la mkononi, wala si kwenye lile lililofungwa juu ya gari.

Watoto chini ya miaka sita wanachoka kabla ya saa 4 asubuhi. Kwao Tarangire ya siku moja inatosha, na kalamu za rangi ziwepo. Kupiga picha watu wa maboma ya Wamasai, omba na mpatane kwanza, kwa Kiswahili, bila kujifanya mtalii.

Bahashishi si lazima kisheria, ila inategemewa, hata kutoka kwa Mtanzania. Changeni kama gari kabla ya siku ya mwisho, wekeni kwenye bahasha, na kila mmoja apewe yake mkononi: dereva yake, mpishi yake. Ukimpa dereva zote ili "agawane na wenzake" unawaachia ugomvi wa kurudi nao Arusha.